Kapita Urbain Aiweka Chini Kengele ya Maswali

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kula vumbi la mpunga, Papa Urbain Lusangi, kapita, yaani msimamizi, wa kinu cha mchele, amestaafu rasmi Jumamosi tarehe 29 Septemba 1956. Wahariri wa *Gunia*, gazeti letu sisi wafanyakazi wa depo ya mchele hapa bandarini Kisangani, wameniomba mimi, Camille Lifoko, karani wa mizigo, niandike wasifu wake. Walinipa ukurasa mmoja. Nikawaambia ukurasa mmoja hautoshi hata sharubu zake, wakaniongezea.

Niseme mapema kwamba nampenda sana Papa Urbain. Nasema mapema kwa sababu mbele nitamlaumu kidogo kuhusu nyanya, na sitaki mtu aseme Camille ana kinyongo. Kinyongo ninacho, lakini ni cha nyanya tu.

Papa Urbain ni mzaliwa wa Kibombo, Maniema. Alifika hapa mwaka 1925, kijana mwembamba mwenye Kiswahili safi na Lingala sifuri. Mlinzi wa lango alimwambia kuna kazi kwenye kuku. Sasa, wasomaji wetu wa mbali waelewe: kwa Lingala, kuku ni jiko. Urbain wa watu akafurahi, akaenda kuazima ungo wa mahindi, na kesho yake alfajiri akasimama mbele ya jiko la mabwana akimwaga mahindi chini na kuita kwa mdomo, kru kru kru. Mpishi akatoka na mwiko. Urbain akakimbilia kwenye ghala, na wachukuzi waliokuwa wakipakua mpunga wakacheka mpaka wakaangusha magunia. Kapita wa zamani akaona heri amwajiri huyu kijana ayaokote. Ndivyo alivyoingia kazini, na ndivyo lugha ya mji huu ilivyomfanyia mzaha wa kwanza. Haukuwa wa mwisho.

Alianza na uchukuzi, akapanda kuwa mshona midomo ya magunia, akawa mwangalizi wa kinu, na mwaka 1939 akavikwa kofia ya ukapita. Kofia ilikuwa kubwa, ikamfunika masikio. Alikataa nyingine, akasema kichwa cha kapita kitakua. Ni yeye aliyetufundisha kuinua magunia juu ya magogo kabla mto haujafura, na mwaka ule maji yalipoingia ghalani, mchele wetu ulibaki mkavu wakati depo ya jirani inapika uji bila kutaka. Ni yeye pia aliyeleta paka wa depo. Yule jike mwenye doa jeupe alimpa cheo cha Kapita Msaidizi, na ninyi nyote mnajua kwamba kwa amri zake tulisimama.

Lakini si mchele utakaomfanya Papa Urbain akumbukwe. Ni Saa ya Maswali.

Mwaka 1948 kampuni ilitupatia ukumbi wa mikutano, sala kama tunavyouita, kando ya kinu, na gramafoni moja yenye sahani tatu za muziki. Baada ya miezi miwili sahani zile tulikuwa tunazijua mpaka mikwaruzo yake. Watu wakaanza kutoroka. Papa Urbain akasema, bon, kama masikio yamechoka tutumie vichwa. Kila Jumamosi, king'ora cha mchana kikishalia, tukawa tunakaa kwenye mabenchi mawili, la kushoto na la kulia, naye katikati akiwa na kengele ya baiskeli iliyofungwa kwenye kipande cha ubao. Mlio mmoja: umepata. Milio miwili: umekosa, kaa chini. Aliuliza juu ya vyakula, kilimo, lugha, ngoma, historia, na chochote kilichopita kichwani mwake wakati wa kunyoa. Mshindi alipata kikombe cha chai na kemba moja la kuchoma, ile ndizi kubwa ya kupika. Rufaa haikuwapo.

Jamani, tulijifunza mengi. Tulijifunza kwamba mchele wa huku uliletwa na wafanyabiashara Waswahili waliokuja kutoka mashariki, na Papa Urbain alilieleza jambo hilo kwa kujigamba kidogo, kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyebeba gunia la kwanza. Tulijifunza kwamba karanga, ingawa tunaitafuna pamoja na mahindi, ni ndugu wa maharage. Siku alipotangaza kwamba muhogo asili yake ni Amerika, ulivuka bahari kwa meli, wazee watatu wa Opala walisimama na kutoka nje. Muhogo! Mama wa sombe, kisamvu chetu! Walirudi Jumamosi iliyofuata kwa sababu ya chai, lakini hawakumsalimia.

Mwaka 1950 aliuliza kama mgomba ni mti. Benchi la kulia likasema ni mti. Yeye akasema hapana, ni jani kubwa tu, halina ubao ndani. Ubishi ukapanda, na kwa kuwa yeye ni mtu wa ushahidi, akawatuma vijana wawili wakaukate mgomba mmoja tulione tumbo lake. Waliuleta mbio, tukaupasua, kweli, hamna ubao, ni maganda juu ya maganda. Kengele ikalia, tukapiga makofi. Kumbe mgomba wenyewe ulikuwa wa bustani ya Bwana Direktere, na ulikuwa umebeba. Papa Urbain aliitwa ofisini. Alirudi amenyooka, akatuambia Direktere pia alidhani ni mti, sasa anajua.

Katika lugha ndipo mambo yalipokuwa moto kabisa, na hapa nasema moto kwa makusudi. Aliuliza neno gani la Lingala ni moja lakini ni matatu, kufuatana na sauti inavyopanda na kushuka. Désiré, dereva wa kamyo yetu ya Banalia, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto, akasimama na kupaza: "Moto!" Ni sawa, kwa Lingala moto ni mtu, ni moto wenyewe, ni kichwa. Lakini majirani wa nyuma ya ukuta walisikia lile moja tu. Kabla kengele haijalia, ndoo za maji zikaingia kwa madirisha yote. Désiré alipewa pointi yake akiwa amelowa chepechepe. Wiki ileile Papa aliuliza tena: neno gani la Lingala ni jana na papo hapo ni kesho? Jibu ni *lobi*, na karibu kila mtu alilijua. Naomba msomaji aliweke mfukoni neno hilo, tutalihitaji.

Sasa nyanya. Mwaka 1952 Papa Urbain aliuliza kama nyanya ni tunda au mboga. Mimi, Camille Lifoko, nilisimama nikasema wazi: ni tunda, kwa sababu hutokana na ua na lina mbegu ndani. Nilipigiwa milio miwili. Sababu aliyotoa, mbele ya watu wazima, ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kumpelekea mgonjwa nyanya hospitali. Watu wakacheka. Benchi langu likakosa chai. Miaka minne sasa.

Na kama mtadhani Papa alikuwa hakosei, subirini dagaa wa kopo. Yaani sardini. Mwanzoni mwa 1954 alitangaza, kwa sauti yake ile ya kufunga mjadala, kwamba sardini ni samaki wa pekee duniani asiye na kichwa tangu kuzaliwa. Ushahidi alikuwa nao: makopo matano, yote matupu, ambayo alikuwa ameyala yeye mwenyewe, na hakuona kichwa hata kimoja. Tukakubali, maana sisi nasi hatukuwahi kuona. Ndipo ikasikika sauti ya mwanamke kutoka dirishani.

"Papa Urbain! Samaki bila kichwa anakulaka na nini?"

Alikuwa Mama Agathe. Nyote mnamjua, lakini kwa wasomaji wa Bengamisa na Opala niseme: Mama Agathe ni wa familia za wavuvi wa kwenye maporomoko, mjane wa mvuvi, na ndiye anayeuza samaki wa kukausha na lituma langoni kwetu. Lituma yake ya makemba, ikishatwangwa, hukaa tumboni mpaka jioni. Anasema Lingala, na Kiswahili anakisema pale anapotaka mtu asikie vizuri.

Papa Urbain alibaki mdomo wazi. Katika miaka yote ya Saa ya Maswali hakuna mtu aliyewahi kumuuliza yeye. Aliitazama kengele, akamtazama Mama Agathe, akaitazama kengele tena. Masikio yake, ambayo kwa miaka hiyo yalikuwa yameshachomoza chini ya ile kofia, yalikuwa kama yanaungua. Mkewe wa kwanza, marehemu Mama Élise, alikuwa amefariki miaka saba kabla, na tangu hapo tulikuwa hatujamwona mkubwa wetu akikosa la kusema. Sisi tulijua kabla yake kwamba amependa. Alianza kununua samaki kila siku, mtu ambaye nyumbani alikuwa akila maharage.

Kabla ya Pasaka alikwenda kwenye maporomoko kumwona kaka yake Mama Agathe, kama inavyopasa. Yule kaka, mtu anayesimama juu ya miti katikati ya maji yanayonguruma na hatetemeki, alimwambia: "Muulize yeye mwenyewe. Mimi namuogopa." Basi Papa akamuuliza mwenyewe. Hotuba yake ilianzia historia ya biashara ya samaki, ikapitia kilimo cha makemba, na baada ya muda mrefu ikafika kwenye ndoa. Mama Agathe alimsikiliza mpaka mwisho, huku akigeuza samaki wake wasiungue. Akamwambia atamjibu kwa njia yake.

Jumamosi asubuhi ilifika ofisini kwa kapita sahani iliyofunikwa kitambaa cheupe. Ndani, lituma, na juu yake, ndani ya liboke, yaani majani ya kufungia na kuokea, kichwa kizima cha ngolo, yule kambare, na zile sharubu zake ndefu zimelala huku na huku. Kichwa tu. Mwili haupo.

Mnajua alichofanya Papa Urbain? Alifurahi kama mtu aliyeshinda bahati nasibu, akaja mbio kwangu kunieleza kwamba Mama Agathe ameendeleza mjadala wa sardini. Ameleta ushahidi! Samaki ana kichwa, hiki hapa, na anakulaka nacho! Alisema hajawahi kukutana na mwanamke mwenye akili ya namna hiyo. Na mchana ule, mbele ya mabenchi mawili na dirisha lililojaa akina mama, alifunua kitambaa, akakiinua kichwa cha ngolo juu, akauliza: kichwa hiki ni cha samaki gani, na anayejua atakila. Désiré alijibu kabla swali halijaisha. Kengele, mlio mmoja. Désiré alikila pale pale, akanyonya mifupa, akalamba vidole, akasifu pilipili.

Mama Agathe alikuwa dirishani. Aliona yote. Akajifunga kitenge vizuri, akaondoka. Sisi tulidhani ameenda kuangalia moto wake.

Kesho yake, Jumapili, baada ya misa, Papa Urbain alimsubiri kwenye kivuli cha kanisa. Aliuliza kwa adabu, kwa Kiswahili cha mji: "Mama, jibu iko lini?"

Mama Agathe akajibu neno moja: "Lobi."

Papa akashukuru, akainamisha kichwa. Jumatatu alikuja langoni amenyoa, amevaa tai, viatu vinang'aa, akauliza tena. Mama Agathe akamtazama kutoka juu mpaka chini na kusema: "Nilishakuambia. Lobi." Papa akafikiri, sawa, Jumanne. Jumanne alikuja na tai ileile. Hebu nifupishe: tai ile imekuja langoni kwa miaka miwili na nusu.

Mwishowe hakuuliza hata swali zima. Alikuwa akipita asubuhi, anavua kofia, anasema "Lobi?" na Mama Agathe anajibu "Lobi," kila mmoja anaendelea na kazi yake. Sisi wafanyakazi, kwa upuuzi wetu, tukalidaka. Ikawa salamu ya depo. Mchukuzi akikutana na mchukuzi: "Lobi?" "Lobi." Yule karani mpya aliyetoka Bukavu alidhani ni neno la siri la kampuni, na siku moja alimzuia Direktere mlangoni mpaka alitamke.

Tulicheka, kweli tulicheka. Lakini mwaka huu kicheko kilianza kupungua, maana tarehe ilikuwa inakuja. Mstaafu huirudisha nyumba ya kambini, hiyo ndiyo sheria ya kampuni, na kampuni humlipia safari ya kurudi kwao. Binti yake Marie-Jeanne ameolewa Kindu, alikuwa amemwandalia chumba. Treni ya Ponthierville ilikuwa Jumatatu tarehe mosi Oktoba, kutoka ng'ambo ya kushoto, halafu boti mpaka Kindu. Sanduku lake la bati lilivushwa mapema Ijumaa. Baada ya hapo hakuna kesho tena ya kungoja, na kila mtu depo alilijua hilo, naye alilijua kutuzidi. Wiki yake ya mwisho aliacha kupima mchele kwa kiganja kama alivyozoea, na alikuwa akimpigia saluti Kapita Msaidizi, yule paka. Siwezi kuwaficha, nilimwonea huruma mpaka nikaisahau nyanya kwa siku nzima.

Basi Jumamosi ya kuagana ikafika. Sala ilijaa, watu wakaning'inia madirishani, Bwana Direktere alikaa mbele na zawadi ya kampuni iliyofungwa kwa karatasi ya buluu. Ilikuwa ni saa ya mezani yenye kengele ya kuamshia, kwa mtu ambaye kuanzia siku hiyo hana tena sababu ya kuamka. Tulikuwa tumepanga mambo yageuke: mara hii Papa Urbain akae kwenye benchi, peke yake, na sisi tumuulize. Kengele niliishika mimi.

Alijibu vizuri. Mlo wa tembo, alijua. Kahawa inatoka kwenye ua la rangi gani, alijua, jeupe. Meza na leso ni maneno ya watu gani, akasema ni ya Wareno, na akaongeza mvinyo bila kuulizwa. Désiré alimuuliza gari la Banalia lina magurudumu mangapi, akajibu linategemea siku, watu wakavunjika mbavu. Swali la mwisho lilikuwa langu. Nilikuwa nimelikalia miaka minne. Nilisimama, nikakohoa, nikasema: Papa Urbain, kuhusu nyanya...

Nikasukumwa. Nasema kweli, nilisukumwa na kikapu cha samaki. Mama Agathe alikuwa ameingia kwa mlango, hakuja dirishani, na alikuwa amevaa kitenge chake cha Krismasi.

"Camille, keti," aliniambia. "Nyanya haina treni."

Nikaketi. Akasimama mbele ya benchi, mikono kiunoni.

"Papa Urbain, uko mutu wa maulizo. Mimi niko na moja tu. Lobi ni nini?"

Papa akatabasamu. Lilikuwa swali jepesi, yeye mwenyewe alikuwa amelitoa zamani. Akanyoosha mgongo, akaweka mikono magotini kama tunavyofanya sisi wengine, na kwa sauti yake ile ya kufunga mjadala akaanza: "Lobi ni neno la Lingala, lenye maana mbili. Maana ya kwanza ni kesho. Maana ya pili ni ja..."

Hakumaliza. Mdomo ulibaki kwenye *ja*. Tuliziona hesabu zikipita usoni mwake, zikirudi nyuma, zikipita asubuhi zote za tai, mpaka kwenye ile Jumapili ya kivulini, na nyuma yake, Jumamosi, na sahani ya kitambaa cheupe.

"Jana," akasema, polepole. "Ulisema jana."

"Jana," akasema Mama Agathe. "Kwetu nyumbani, kichwa cha samaki kinakuliwaka na bwana wa nyumba. Mama yangu alimupelekea baba yangu, mimi nilimupelekea marehemu. Nilipika ile ngolo toka saa ya jogoo. Ile sahani haikukuwaka ulizo, Papa Urbain. Ilikuwaka jibu."

Halafu akamgeukia Désiré. "Na wewe ulilikula!"

Maskini Désiré alijificha nyuma ya gramafoni. Papa Urbain alisimama, akakaa, akasimama tena. Alitaka kujua, kwa sauti isiyofunga mjadala wowote, kwa nini basi hakumweleza muda wote huo. Mama Agathe akasema kwamba jibu hapiki mara mbili. Alidhani Papa amebadili mawazo, amempa dereva sahani yake mbele za watu, na kisha kila asubuhi anavua kofia na kusema "jana?" kama mtu anayesikitikia kitu kilichopita. Naye akawa anamjibu jana, kwa kuwa naye alikuwa anasikitika. Aliposikia sanduku limevuka mto, alilia mchana kutwa juu ya samaki, watu wakadhani ni moshi. Hapo ndipo alipomuuliza dada yake mkubwa, Yaya Micheline, na Yaya Micheline, ambaye aliwahi kuolewa na mtu wa Maniema, ndiye aliyemwambia kwamba wale watu, ukiwaambia lobi, wao wanangoja.

Na yeye alingoja, jamani. Kapita anayejua muhogo ulipotoka, anayejua mgomba si mti, aliuliza swali la lobi mbele yetu mwaka ule wa ndoo za maji, na lilipokuja kumkalia langoni kwake kila siku hakulitambua.

Papa Urbain alimwendea akiwa amevua kofia. Alimwuliza, mara hii neno kwa neno, bila historia ya biashara ya samaki, kama jibu la jana bado linafaa leo. Mama Agathe hakujibu kwa mdomo. Alininyang'anya kengele mkononi, akaigonga. Mlio mmoja.

Kelele zilizofuata zilileta ndoo za maji za majirani, lakini hakuna aliyejali. Désiré aliimba. Wazee wa Opala walimsalimia Papa kwa mara ya kwanza tangu habari ya muhogo. Bwana Direktere, ambaye hakuelewa neno ila alikuwa amechangamka kuliko wote, alisimama akapiga makofi, akamkabidhi Mama Agathe saa ya kuamshia kwa heshima zote, akambusu mashavu mawili, na kutoa hotuba ya pongezi kwa miaka yake thelathini na mmoja ya kazi kinuni. Mama aliipokea. Ameiweka kwenye meza ya samaki, inalia mchele ukiwa umeiva.

Treni ya Jumatatu iliondoka bila kapita. Alivuka mto kulifuata sanduku lake, akarudi nalo kwenye mtumbwi wa shemeji yake, amekaa juu yake, na shemeji anayemuogopa dada yake alipiga kasia kwa bidii sana. Marie-Jeanne amepelekewa habari na atakuja yeye Kisangani. Nyumba ya kambini imerudishwa kwa kampuni, imefagiwa. Mwenyewe anahamia kwenye maporomoko, mahali ambapo kelele za maji hazimruhusu mtu kusikia maneno vibaya, kwa kuwa hayasikiki kabisa.

Jana, Jumapili, walitualika kwao. Désiré alikuja na kichwa cha ngolo kikubwa kuliko kile, kwa amri, na alikibeba kwa mikono miwili kama padri. Mama Agathe alikiweka mbele ya Papa Urbain, na sote tukamtazama akila. Alikula polepole mpaka sharubu za ngolo na zake zikachanganyika, na machozi yalimtoka, akasema ni pilipili. Kisha ikaja sinia ya matunda: papai, ndizi, nanasi, mapera. Na katikati, nyekundu, imeoshwa, nyanya moja. Papa aliitazama, akanitazama mimi, akaomba kengele, akaigonga mara moja. Niliila palepale bila chumvi.

Kwa niaba ya wachukuzi, washonaji wa magunia, makarani, madereva na Kapita Msaidizi, ambaye ameanza kulala ndani ya kofia yako: asante, Papa Urbain, kwa mchele uliobaki mkavu na kwa kila Jumamosi uliyotufanya tubishane badala ya kulewa. Kengele umetuachia, na tutaigonga, ingawa hatujui nani sasa atatukosesha. Tunakuombea wewe na Mama Agathe maisha matamu kuanzia lobi, lobi zote mbili, na kila kichwa cha ngolo kitakachopikwa nyumba ile kiliwe na mwenyewe.